Jibu kwa Mjomba: Uingereza Sikuja Kutafuta

Shikamoo mjomba. Wiki iliyopita uliandika kwenye kundi la familia kwamba nimemaliza mwaka na miezi minne Ulaya na mama yangu bado anatumia simu ile ile iliyopasuka kioo, kisha ukauliza kazi yangu ni kazi gani isiyo na mshahara. Binamu zangu nao wakaongeza maswali yao. Nimeona ni adabu kuwajibu kwa kirefu, kwa sababu ukimya wangu umewafanya mdhani kwamba kuna neema ninayoificha.

Silipwi. Mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi mnaliita la Wamormoni, hujitolea. Kijana wa kiume hutumikia miezi 24, yeye na familia yake huchangia kadiri wawezavyo, na pengo huzibwa na michango ya waumini wengine. Akiba niliyojiwekea nilipokuwa nikipakia saruji Kariakoo iliishia kwenye pasipoti, vipimo vya hospitali na mchango huo. Hapa Preston, kaskazini mwa Uingereza, ninawekewa kwenye kadi fedha ya chakula na nauli ya mwezi, na ikipungua tunakula wali na maharage ya kopo mpaka mwezi mwingine uingie. Nyumba imepangwa na misheni. Kibarua cha pembeni hakiruhusiwi hata cha saa moja. Simu ya mama sijaisahau, mjomba. Sina cha kuinunulia, na sikutaka kukopa ili nionekane nimefika.

Tunaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunafanya mazoezi, tunasoma maandiko, na ikifika saa nne tuko nje. Huwa tuko wawili daima, mimi na mwenza wangu, na mwenza hachaguliwi: unapangiwa, na baada ya wiki sita hivi yeye au wewe anaweza kuhamishwa. Nimewahi kuishi na mwenza ambaye kwa siku tisa hatukuzungumza ila tulipokuwa mlangoni pa watu, na sikuwa na chumba kingine cha kwenda. Hilo lilinichosha kuliko baridi. Baridi ya hapa anayeijua Njombe ya mwezi wa saba anaweza kuivumilia. Kinachoelemea ni giza la Desemba, jua linapozama kabla ya saa kumi jioni nasi bado tuna saa kadhaa za kubisha hodi.

Cheo chetu ni Mzee. Wewe ni mzee wa kanisa la Kilutheri kwa zaidi ya miaka 20, na najua jinsi inavyosikika kwako mtoto wa miaka 21 kuitwa hivyo na kukivaa kifuani kwenye beji nyeusi. Mwanzoni niliona aibu. Sasa ninalichukulia jina hilo kama deni ambalo sijamaliza kulilipa.

Milango mingi haifunguki, na inayofunguka hufungwa kwa upole. Wengine hutukaribisha chai, nasi kwa imani yetu hatunywi chai wala kahawa, jambo gumu kulieleza kwa bibi aliyekwisha kubandika birika. Watu watatu tu wamebatizwa kati ya wote niliowafundisha. Lakini yupo mzee mmoja wa mtaa wa juu ambaye siku ya kwanza alituambia hataki dini, kisha akatazama magoti yake, akatuomba tumshushie pipa la taka hadi barabarani. Tangu hapo tunalishusha kila Jumanne, gurudumu moja limekatika na lazima mmoja wetu ainue upande huo. Hajawahi kuturuhusu kumfundisha chochote. Mwezi uliopita alituwekea juu ya kifuniko jozi mbili za glovu za sufu, akiwa ameziviringisha kwenye mfuko wa plastiki zisilowe.

Binamu aliuliza kama akibatizwa atapelekwa Ulaya. Nakusihi usiingie kwa mlango huo. Mtu hachagui, barua ya wito ndiyo inayotaja mahali, na vijana wawili wa tawi letu la Dar es Salaam walipelekwa Zambia na Zimbabwe. Aliyekuja kwa ajili ya nchi atavunjika moyo wiki ya pili ya mvua.

Na mjomba uliuliza kwa nini ninahubiri dini iliyowabagua watu weusi. Hapa mlangoni nimeulizwa hivyo pia. Ni kweli: kwa zaidi ya miaka 100, hadi Juni 1978, wanaume weusi walinyimwa ukuhani, ambao kwetu hupewa waumini wa kiume wa kawaida, ingawa Elijah Abel, mtu mweusi, alikuwa ametawazwa mwaka 1836. Mwaka 2013 Kanisa lilizikataa kwa maandishi nadharia zilizotumika kulihalalisha zuio hilo. Jambo hilo linaniuma, na sitalipaka chokaa. Nimebaki kwa sababu ya kile nilichokipata nilipoomba, na kwa sababu anayesimama leo kando ya mto Ribble hapa Preston, mahali wamisionari wa kwanza kutoka Amerika walipobatiza watu tisa Julai 1837, ni mimi, mtoto wa Njombe, na hakuna anayeniuliza kama ninastahili kuwa pale.

Limebaki la bibi, ambalo hamkuuliza ila nilisikia lilivyosemwa msibani. Mmisionari kwa kawaida harudi nyumbani kwa mazishi. Mama aliponipigia nilimwambia nitarudi, naye akasema bibi asingependa nikatishe nilichokianza. Nilifuatilia mazishi kwenye simu, picha ikaganda mlipokuwa mnashusha jeneza, na iliporudi mlikuwa mmekwisha kuweka mashada. Nilikaa kwenye ngazi mpaka usiku. Mwenza wangu, kijana wa Idaho, Marekani, asiyejua neno la Kiswahili zaidi ya "pole", alipika wali ukawa bokoboko, akauleta hapo kwenye ngazi, akanipigia pasi shati la kesho yake bila kusema lolote. Jumatatu, siku yetu ya kufua na kuzungumza na nyumbani, sasa huwa nampigia mama nikiwa natafuta la kusema badala ya "bibi anasemaje?"

Nitarudi mwezi wa tano, nikiwa na begi lile lile la kahawia mliloniazima. Sitakuwa na zawadi za kuwatosha nyote, na naomba mlijue mapema. Nikishuka Dar nitalala siku moja, kisha mjomba, kama magari bado yanaondoka alfajiri, tupande pamoja mpaka Njombe unipeleke kwenye kaburi lake.