Nakata moto kilomita ya 22, nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara, nina miaka 34. Mwaka jana nilikimbia kilomita 21 kwa saa 1 na dakika 55. Sasa najiandaa kwa kilomita 42 za Moshi, na nataka kumaliza chini ya saa 4. Kila Jumapili natoka Shangani saa kumi na mbili asubuhi, nakwenda Mikindani na kurudi, naongeza vipande mpaka zifike 26 au 28, kwa kasi ya dakika 5:40 kwa kilomita. Mpaka ya 18 niko vizuri. Ikifika ya 22 miguu inakuwa magogo, saa inasoma mapigo 178, namalizia kwa kutembea. Jumatatu hata kushuka ngazi ni kazi. Wenzangu wanasema nisipoizoea kasi hiyo mazoezini sitaiweza siku yenyewe. Nipunguze kasi au umbali?

JIBU: Marahaba. Umbali uache ulivyo, punguza kasi. Na utaipunguza kuliko utakavyopenda.

Tuanze na hesabu. Makocha wengi huchukua muda wa kilomita 21, huuzidisha mara mbili, kisha huongeza dakika 10 kwa mzoefu na 20 kwa anayekimbia 42 mara ya kwanza. Kwako inatoka kati ya saa 4 kamili na saa 4 na dakika 10, yaani 5:41 mpaka 5:55 kwa kilomita. Maana yake 5:40 yako ndiyo kiwango cha juu kabisa unachoweza kukitarajia, tena ukiwa umepumzika wiki mbili, kwenye baridi na barabara tambarare. Wewe unakijaribu kila Jumapili, baada ya siku sita za kusimama ghalani, kwenye joto la Mtwara. Hayo si mazoezi, ni mashindano unayoshindwa kila wiki.

Sasa kwa nini ya 22 na si ya 15? Mkimbiaji hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mwenye kilo 70 anahitaji karibu 2,900 kumaliza 42. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kama kalori 2,000 tu. Kinachopungua lazima kitoke kwenye mafuta ya mwili, na mafuta huungua polepole: ukiongeza kasi, mwili unayaacha na kukimbilia sukari. Mbio ndefu kazi yake kubwa ni kuufundisha mwili kutumia mafuta, kuongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli, na kuzoesha kano kugonga lami kwa saa tatu. Yote hayo yanapatikana kwa muda mrefu na juhudi ndogo. Ukiwa 5:40 unamaliza akiba kabla somo halijaanza.

Halafu kuna hewa yetu. Anika shati usiku wa Januari, asubuhi bado lina unyevu. Ngozi yako nayo iko hivyo hivyo: jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Basi moyo unalazimika kupeleka damu nyingi zaidi kwenye ngozi ili kutoa joto, huku misuli nayo inadai yake. Ndiyo maana mapigo yanapanda ingawa kasi haijabadilika. Hiyo 178 (ukiacha kwamba saa za mkononi hukosea) inakuambia kasi iliyokuwa ya wastani saa kumi na mbili imekuwa kasi ya mashindano saa mbili na dakika tano.

Kwa hiyo kimbia kati ya 6:30 na 7:00, na siku ya joto kali hata 7:15. Lakini usiitegemee saa sana, tumia salamu. Njiani Mangamba utakutana na mzee anayekwenda shamba. Msalimie salamu nzima, siyo ya kutupa mkono: shikamoo, za nyumbani, watoto hawajambo, na umpe muda wa kukuuliza na wewe. Ukishindwa kuimaliza bila kuhema katikati ya neno, unakwenda mbio. Mimi nimetumia kipimo hiki miaka mingi na kinanisaidia kuliko saa yoyote.

Kwa 6:50, kilomita 28 ni saa 3 na dakika 11. Hapo ndipo pa kukomea. Zaidi ya hapo uchovu unazidi faida. Toka saa kumi na moja alfajiri badala ya kumi na mbili. Ukichelewa, kipande cha kurudi kutoka Mikindani unakuwa na jua usoni, nalo linakuchosha mara mbili. Ila ni giza, na malori ya saruji hayakuoni: vaa reflekta kama ya bodaboda na ukimbie kulia, ukiyatazama magari yanayokuja.

Kutembea dakika moja kila baada ya dakika 15 huku unakunywa si aibu, mradi uanze mapema, usingoje mpaka miguu igome. Maji matupu kwa saa tatu hayatoshi, tia sukari na chumvi kidogo, au beba tende. Madafu ni mazuri lakini chumvi yake ni ndogo. Na kwa kuwa kazini mzani mnao, jipime kabla na baada: kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho.

Wenzako hawajakosea kabisa. Kasi ya mashindano inazoewa, lakini mwishoni mwa mbio. Kila Jumapili ya tatu, kimbia 18 za kwanza taratibu, kisha 6 mpaka 8 za mwisho kwa 5:50. Ya mwisho ya aina hiyo iwe wiki tatu kabla ya Moshi, baada ya hapo punguza umbali. Kule nusu ya pili inapanda kuelekea Mweka, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 800 juu ya bahari wakati wewe unaishi ufukweni. Saa 4 na dakika 10 ningeipokea kwa mikono miwili.

Mtanzania Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, alitoka kwa kasi kali kwenye ile ya Boston mwaka 1990, na Gelindo Bordin akampita kwenye vilima. Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu, alichukua dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025 kwenye hatua za mwisho kabisa, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakiandikiwa muda uleule, 2:09:48. Simbu ndiye wa kumwiga.

Jumapili ijayo bandika plasta juu ya kioo cha saa, uibandue ukifika Mikindani. Ukikuta 6:20, ulikwenda mbio.