Barua kwa mwanangu aliyelilia kiatu

Mwanangu, meseji yako ya saa nane usiku nimeikuta asubuhi, nimeirudia mara tatu. Unasema uko wiki ya 22, kila mtu anakwambia hiki ndo kipindi kitamu, kichefuchefu kimeisha, tumbo linapendeza, na wewe jana umekaa kitandani unalia kisa kiatu hakiingii, alafu unaniuliza, mama, au mi simtaki huyu mtoto?

Unamtaka, mama. Ungekuwa humtaki usingekosa usingizi kwa kuniuliza.

Sijawahi kukwambia hili. Mimba yako ilivyofika miezi mitano nilikuwa nacheka na wageni sebuleni, wananishika tumbo wananipongeza, alafu naingia bafuni nafungua bomba maji yatiririke ili wasinisikie. Aliyenishtukia ni bibi yako tu. Hakunipa mawaidha wala nini, alikaa chini pale mlangoni akawa ananiambia habari za mbuzi wake mpaka mwenyewe nikafungua. Na mumeo mwambie hivyo hivyo, akae tu karibu, asianze kukutafutia suluhisho la kiatu.

Huo mstari mweusi chini ya kitovu ni homoni zinatia ngozi rangi, utafifia taratibu baada ya kujifungua, na wala hausemi kama ni wa kiume, shangazi yako muache na yake. Maumivu ya kuchoma pembeni ukiinuka ghafla, mfuko wa uzazi sasa hivi umeshafika kwenye kitovu na kano zinazoushikilia zinavutika, kwa hiyo geuka ubavu kwanza, shusha miguu, ndo uinuke polepole. Msuli ukikaza usiku nyoosha mguu uvute vidole vije kwako. Fizi kutoa damu kidogo ukipiga mswaki nayo ni ya kawaida, ila mswaki usiache.

Miguu kuvimba jioni sina shida nayo sana. Ila uso au mikono ikivimba ghafla, au kichwa kikiuma vibaya hakiachi, macho yanaona ukungu, au ukiona damu au maji yanatoka huko chini, usinisubiri mimi wala usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo, hiyo inaweza kuwa presha au kitu kingine cha kuwahi.

Na machozi nayo yana mpaka wake. Yakija yakaondoka sawa. Lakini ukiona wiki mbili zimepita karibu kila siku moyo mzito, hakuna kinachokufurahisha, au linakujia wazo la kujidhuru (hilo hata siku moja usilisubirie), mwambie nesi wazi kama unavyomwambia mgongo unauma. Mimi sikusema kwa mtu na ilinichelewesha sana kupona, ndo maana nakusumbua.

Hicho kiatu kiweke juu ya kabati huko. Leo ukilala, lalia ubavu, tulia, akianza kukupiga vile viteke usiniandikie meseji tena, nipigie, hata iwe hiyo saa nane yako.

Mama