Sare ya harusi imenishinda bei, nivae nini Njombe?

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole, Mbeya, nauza viazi. Mwezi wa saba mdogo wake mume wangu anaoa Njombe. Mchango wetu wa shilingi 150,000 tumeshaumaliza. Sasa akina mama wa upande wetu wamechagua sare, kitenge cha zambarau yadi sita kwa shilingi 60,000, kushona juu yako, na kilemba ni lazima. Hela hiyo sina, labda nikope kwenye kikoba. Ninalo gauni jeupe la lesi nililovaa siku ya ubatizo wa mwanangu wa kwanza, bado jipya kabisa. Mume wangu anasema nivae hilo, eti jeupe la bibi harusi ni mambo ya wazungu, hakuna atakayejali. Wifi yangu naye ameandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba asiye na sare asisogee kwenye picha ya familia. Nililia shangazi. Nitakwenda na mtoto mdogo, ana miezi saba na bado ananyonya. Nifanyeje?*
*Mama wa Uyole*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Gauni jeupe liache kabatini. Mume wako hajakosea kusema limetoka kwa wazungu. Hata kwao lilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na gauni jeupe mwaka 1840; kabla ya hapo bibi harusi wengi walivaa tu nguo nzuri waliyokuwa nayo, rangi yoyote. Lakini binti anayeolewa Njombe mwezi wa saba hatakuwa anawaza habari za malkia. Siku hiyo jeupe ni lake, na wewe, mke wa kaka mkubwa wa bwana harusi, utakaa mbele na kupigwa picha karibu naye. Usijifariji kwamba lako lina maua au limekaa rangi ya maziwa, maana kwenye picha yote huonekana meupe. Isitoshe, mdogo ana miezi saba, na bila shaka naye utampeleka kubatizwa. Gauni hilo litapata siku yake.

Kukopa kwenye kikoba sikubali. Ukikopea mtaji wa viazi, viazi vitalipa. Kitenge kitabaki kwenye sanduku na wewe utakuwa unapeleka rejesho na riba kila wiki, mbele ya wanawake wenzako wanaoingoja hela hiyo hiyo. Mchango mmeshatoa, na mchango ndio unaolisha wageni. Katika harusi hii hamdaiwi na mtu.

Ila siwezi kukwambia sare ni upuuzi, kwa sababu siamini hivyo. Nimekaa kwenye harusi nyingi za huku kwetu, Tukuyu, Mafinga, Makambako, na najua raha ya akina mama wa upande mmoja kuingia ukumbini na kitenge kimoja, MC anawaita mlete zawadi, mnapanga mstari mnakuja mkicheza, na hata mgeni asiyemjua mtu anatambua kwamba hawa ndio upande wa bwana harusi. Kwa mwanamke aliyeolewa kwenye ukoo, kuwa ndani ya mstari ule ni kutambuliwa. Nadhani hapo ndipo machozi yako yalipotoka. Basi tutafute namna ya kukuingiza mle bila deni.

Yadi sita ni nyingi. Ni za gauni refu lenye mbwembwe, na kilemba, na mabaki ya fundi. Mtafute mwenzako mmoja upande wenu ambaye naye bei imemkaba, na niamini yupo, ila naye amenyamaza kama wewe. Mgawane kipande kimoja, yadi tatu tatu, kila mtu 30,000. Mwili wa kawaida, fundi makini anatoa sketi ndefu na kilemba humo. Juu utavaa blauzi ya zambarau isiyo na maua, au nyeusi, ambayo utaipata kwenye mitumba ya Mwanjelwa ukiwahi asubuhi mabelo yanapofunguliwa. Hata 30,000 ikikushinda, omba yadi mbili tu, ufunge kilemba na kujitanda begani juu ya gauni la zambarau. Kwenye mstari na kwenye picha utakuwa mmoja wao.

Sasa nije kwenye lile ulilolitaja mwishoni, la mtoto anayenyonya. Mwanangu, kwangu hilo ni kubwa kuliko sare. Mishono ya harusi mingi siku hizi inabana kifua na zipu iko mgongoni. Mtoto akilia katikati ya sherehe utafanya nini? Nimewaona akina mama wamejifungia kwenye gari wamevua gauni zima ili mtoto apate ziwa, nje watu wanacheza. Ndiyo maana nasisitiza sketi na blauzi, na blauzi iwe na vifungo mbele. Mwambie fundi kiunoni nyuma aweke lastiki, na mishono ya pembeni aache inchi mbili ndani, kwa sababu mwili wa mama anayenyonyesha unaweza kubadilika kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuvaa. Mabega yale yanayosimama kama mabawa yakatae. Ukimbeba mtoto mgongoni yatamchoma usoni.

Halafu kuna baridi. Wewe ni mtu wa Uyole, unaijua, lakini Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba ndio wakati baridi yake inapouma. Mchana kanisani jua litawadanganya. Sherehe itaanza jioni na mtatoka usiku mkubwa. Mimi niliwahi kwenda harusi Mafinga mwezi wa sita na gauni la satini lisilo na mikono, kwa sababu tu rangi yake ilikuwa ndiyo rangi ya harusi. Ilipofika saa tatu usiku nilikuwa natetemeka hadi sahani inagonga. Niliondoka kabla ya keki. Binamu yangu aliyekuwa anaolewa alinitafuta kwa macho wakati wa zawadi, hakuniona, na mpaka leo jambo hilo linaniuma kila nikimwona.

Kwa hiyo ndani vaa fulana ya mikono mirefu inayobana, na soksi ndefu nyeusi chini ya sketi; hakuna atakayeziona. Mikono ya blauzi iwe mirefu pia, hapo na mambo ya kufunika mabega kanisani yatakuwa yamekwisha. Beba shali nzito ya kuwatosha wewe na mtoto. Viatu, kisigino kifupi na kipana. Ukialikwa na kwenye sendofu ya binti, nako vaa kitenge chako chochote kilichonyooshwa, sare yenu haihusiki.

Wifi yako usimjibu kwenye kundi. Maneno ya kundi yanabaki, na mama mkwe atayasoma. Mume wako ndiye ampigie simu, yule ni dada yake na mfuko ni wenu wote wawili. Aseme hivi tu: "Dada, mchango tumemaliza, sare nzima mwezi huu hatuiwezi. Mke wangu atachukua yadi tatu, atashona sketi na kilemba, tumeona tukwambie mapema usije ukashtuka siku yenyewe." Asiombe radhi sana, asigombe. Mara nyingi anayeandika kwa ukali kwenye kundi ni mtu aliyebebeshwa kazi ya kukusanya hela za watu, na amechoka. Akishikilia msimamo, mume aongee na mama yake, na bwana harusi naye ajue. Picha ya familia wanaita maharusi, na sidhani kama shemeji yako atakubali apigwe picha wewe umesimama nje na mwana wa kaka yake mgongoni.

Simu hiyo ipigwe wiki hii, kabla kitenge hakijakatwa. Kwa fundi usingoje mwezi wa saba, maana siku za mwisho hao huwa wamelemewa na sare za watu, na utaambiwa "njoo kesho" mpaka siku ya safari. Ikiwa tayari, ivae nyumbani, mbebe mtoto, inama, kaa, mnyonyeshe, uone panapobana, umrudishie fundi arekebishe. Na siku ya safari, mkifika Makambako, kabla gari halijashika barabara ya Njombe, mvalishe mtoto soksi za pili na kofia inayofunika masikio.