Je, yafaa kutia kisomo cha Qur'ani ndani ya mdundo wa muziki?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni prodyuza wa singeli, nipo Mbagala, na studio ndiyo inayonilisha mimi, mama yangu na wadogo zangu. Msanii mmoja ameniletea kisomo cha Suratut-Takwir cha marehemu Qari Abdul-Basit Abdus-Samad, anataka nikikate na kukirudiarudia ndani ya biti. Ameshanilipa nusu. Wenzangu wengine wanasema hiyo ni daawa, wengine wanasema nimeshakufuru. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Haijuzu, mwanangu. Hitilafu ya wanazuoni kuhusu ala za muziki siigusi hapa, kwa kuwa hata anayezihalalisha hana njia ya kulihalalisha hili.

Hao wanaokwambia ni daawa wana hoja, na nimezisikia zikitolewa na watu wazima wenye kujua kusoma. Wanaishika Hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari, ambaye Mtume (s.a.w.) alimwambia kwamba amepewa zumari miongoni mwa mazumari ya watu wa Daudi. Ajabu ni kwamba Abu Musa hakushika zumari lolote. Alikuwa akisoma usiku kwa koo lake, na kilichosifiwa ni sauti yake. Kuipamba Qur'ani kwa sauti tumeamrishwa, lakini kwa mipaka. Imam Nawawi katika kitabu chake At-Tibyan amemnukuu mwanazuoni al-Mawardi kwamba lahani, yaani mahadhi ya kisomo, ikilitoa neno katika umbo lake, kwa kuongeza irabu au kuipunguza, kwa kurefusha kisichorefushwa au kufupisha kinachorefushwa, basi ni haramu, msomaji anakuwa fasiki na msikilizaji anapata dhambi. Hayo yamesemwa juu ya mtu anayesoma kwa mdomo wake. Wewe unajua kuliko mimi kwamba singeli hukimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na kwamba kisomo cha taratibu hakiingii humo mpaka ukikaze, ukivute na kukikata pale mdundo unapotaka, wala si pale aya inapokoma. Ukikata shahada kwa hesabu ya mapigo ukabakisha "laa ilaaha" peke yake, kompyuta itakariri usiku kucha kwamba hapana mungu, na watu wataicheza.

Hebu tazama pia ni sura gani aliyoichagua. Humo mna mtoto wa kike aliyezikwa hai, atakayeulizwa aliuawa kwa kosa gani. Msanii huyo amependa mtetemo wa sauti ya Qari; je, amewahi kuuliza maana? Mwenyezi Mungu amesema inaposomwa Qur'ani tuisikilize na tunyamaze. Ni nani atakayenyamaza kwenye kigodoro, ngoma ya mtaani ya usiku kucha?

Wengine hutoa mfano wa mwaka 2008, pale kampuni ya Sony ilipochelewesha mchezo wake wa video wa LittleBigPlanet na kurudisha nakala zake kwa sababu wimbo mmoja ndani yake ulikuwa na maneno ya aya mbili, mojawapo ikiwa ile isemayo kila nafsi itaonja mauti. Mwenye wimbo, Toumani Diabaté, mpiga kora (ala ya nyuzi) wa Mali, alikuwa Mwislamu, na alijitetea kwamba kwao ni kawaida muziki kuchota nguvu katika maneno ya dini. Simtuhumu nia yake, Mungu amrehemu. Lakini ada ya watu haihalalishi kisichohalali, na nia njema haikumzuia mwanasesere wa kwenye kioo kurukaruka juu ya aya ya mauti.

Na usiniambie kwamba kaswida nazo siku hizi zina kinanda. Kaswida ni utungo wa mja.

Ama hao waliokukufurisha, wamevuka mpaka. Aya ya Suratut-Tawba wanayoitaja inawahusu waliofanya mzaha na Mwenyezi Mungu, aya zake na Mtume wake. Wewe umekuja kuuliza kabla hujafanya, na anayeuliza hafanyi mzaha. Kijana anayetishwa mitandaoni badala ya kufundishwa ataikimbia mihadhara yetu, na sisi ndio tutakaokuwa tumemfukuza.

Sasa nenda kwa msanii huyo uso kwa uso, usimtumie ujumbe. Mwambie biti utamaliza bila kisomo. Akikataa, mrudishie fedha yake, na kama umeshaitumia, mwombe akupe muda na mwandikiane mbele ya shahidi. Vipande ulivyokwisha kukata vifute, usije ukavigawa kwa prodyuza mwingine. Kama kuna wimbo wa nyuma uliokwisha kutoka ukiwa na aya, ufanye bidii uondolewe, na usichokiweza hukukalifishwa. Mama yako mweleze mapema kwamba mwezi huu huenda ukawa mgumu, asije akasikia kwa jirani. Kisha zunguka kwenye madrasa za hapo Mbagala: wana mashindano ya kuhifadhi na wana maulidi, wanarekodi kwa simu, na sauti zinatoka zikikwaruza. Mtu mwenye maikrofoni nzuri na sikio lako watamlipa, japo si kama msanii.

Wallahu a'lam.