Jaji Aliyetoka Kwenye Harakati Si Mjomba Wako

Juzi pale mahakama za Milimani, Nairobi, nilimsikia mwanagenzi wa uwakili akimnong'oneza mwenzake: "Tumepata jaji wa haki za binadamu, hii tumeshinda." Nilicheka, kisha tumbo likanisokota. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi. Wadogo zangu, sogeeni.

1. Ombi la kikatiba si hotuba ya mkutano. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru, 1979, tunaambiwa: taja haki, taja kifungu cha Katiba, eleza kilivyokiukwa. Bado mnashusha vifungu kama mvua ya masika. Mumbi Ngugi, wakili wa haki za binadamu aliyeingia Mahakama Kuu 2011, aliamua mwaka uliofuata kesi ya watu watatu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Walihofia sheria ya bidhaa bandia ingewanyima dawa halali za bei nafuu. Uamuzi ukasimama juu ya uhai, utu na afya: vifungu vya 26, 28 na 43. Vitatu!

2. Kiapo, yaani ushahidi wa maandishi unaoapiwa, ni cha mteja. Hapa ndipo nilipovunjika mguu. Mteja wangu alikuwa mzee mchuuzi wa mitumba, aliyewekwa seli siku tano bila kufikishwa kortini, na Kifungu cha 49 kinasema saa 24. Ofisini alinisimulia kwamba siku alizihesabu kwa kengele ya shule iliyo nyuma ya kituo. Jumamosi haikulia, akadhani amekuwa kiziwi. Mimi nikaona hayo ni porojo. Nikamwandikia Kiingereza cha kuvaa tai, "mateso ya kisaikolojia yasiyomithilika" na ndugu zake, mzee akatia kidole gumba.

Wakili wa serikali akaomba kumhoji. "Mzee, haya ya aya ya 9 ni maneno yako?"

"La, ni ya huyu kijana. Amesoma sana."

Korti nzima ikacheka isipokuwa jaji, naye alikuwa amepigania mahabusu miaka mingi kabla ya kuvaa joho. Akageuza ukurasa wa mwisho, akarudi nyuma, akauliza taratibu: nani alimsomea mzee huyu hati hii kwa lugha anayoielewa? Hakukuwa na mstari unaosema hivyo. Kiapo kikatupwa, na ushahidi mwingine sikuwa nao. Hata namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, sikuichukua. Kengele ile ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu wa siku tano, na niliiacha mezani kwangu.

Tulipotoka, mzee alininunulia chai. Yeye, mimi! Akasema, "Wakili, si ungeandika tu vile nilivyokwambia?"

3. Namba ya OB, siku hiyohiyo. Vielelezo vyote muhuri wa kamishna wa viapo.

4. Mteja akikwama, Kanuni za 2013 za kesi za haki za msingi zinaruhusu hata barua badala ya ombi rasmi. Acheni kurasa 60.

Na wewe uliyekuwa ukinong'ona: rasimu yako nimeiona. Ina vifungu 19. Nipigie kabla ya saa kumi.