Jibu: Uanzie wapi kufundisha hatari zinazokabili mazingira ya milimani

Mwalimu, umeuliza uanzie wapi ili wanafunzi wasiishie kukariri "ukataji miti, moto, mabadiliko ya tabianchi". Mimi ningeanza na joto. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Chora mlima ubaoni, waugawe kwa kanda za mimea, kisha uliza: dunia ikizidi kupata joto, mmea wa kanda ya kati utahamia wapi? Watasema juu. Na ule wa kileleni je? Hapo darasa huwa kimya, na usiwawahi kwa jibu.

Halafu udongo, kwa vitendo. Trei mbili: moja ina nyasi zilizoshika mizizi, nyingine udongo mtupu. Ziinamishe sawasawa, zinyunyizie maji kwa kopo lililotobolewa, kinga yanayotiririka kwenye chupa angavu. Rangi ya maji hayo itawafundisha kuliko muhtasari wowote. Waeleze pia kwamba kwenye baridi ya juu udongo hujijenga polepole mno, ndiyo maana wapanda mlima kukata njia ya mkato, wakikanyaga mimea inayoshika udongo, si jambo dogo.

Kwa mjadala, chukua chura wa dhahabu wa msitu wa milimani wa Monteverde, Costa Rica, aliyeonekana mara ya mwisho mwaka 1989. Nini kilimmaliza? Ukame? Ugonjwa wa kuvu? Joto? Wanasayansi wenyewe wamebishana, basi wanafunzi nao waache wabishane (kelele zitakuwepo, vumilia). Takataka za wageni ningezigusa tu. Hizo wanazijua tayari.