"Mwalimu" hakuzaliwa na "mwali"

SWALI: Msomaji wa Morogoro anaandika: "Katika mahafali ya shule yetu mgeni rasmi alisema neno 'mwalimu' ni 'mwali' na 'mu', yaani mwali wa moto uliomo ndani ya mtu. Nilipohoji, nikajibiwa kwamba hata Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyachambua maneno kwa njia hiyo. Je, naweza kuandika hivyo katika risala?"

JIBU: Hapana. Neno limetoka katika Kiarabu, muallim, mwenye kufundisha, na lina ukoo mmoja na elimu, taaluma na maalumu. Ningeweza kuishia hapo, lakini mchezo huu wa kukatakata maneno umenichosha. Siku hizi haipiti semina, mahubiri wala harusi bila mtu kupasua neno katikati na kututolea "siri" yake, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Tuupime huo mwali. Mwali wa moto, wingi wake ni miali. Basi walimu wawili wangekuwa "mialimu", na magazeti yangeandika "Mialimu wadai nyongeza ya mishahara". Kama ni mwali wa unyago, wingi wake ni wali, na hapo mgeni rasmi atueleze mzee mwenye ndevu anayefundisha hisabati kidato cha nne aliingiaje humo. Ualimu je, mwali wake umekwenda wapi? Na kule Pwani na Zanzibar wanaosema maalim, wao mwali wao aliuzima nani? Kilichotokea ni chepesi, nami nakiona kizuri kuliko hadithi zote za majukwaani: sikio la Mswahili lilisikia mu- ya Kiarabu, likaitambua kama kiambishi chake lenyewe cha mtu, likazaa walimu. Ndivyo tulivyofanya pia kwa kitabu. Ki- yake haikuwa kiambishi hata kidogo huko ilikotoka, lakini sisi tukaipa wingi, vitabu, kana kwamba ni ndugu yake kiti.

Sasa Plato, maana amesingiziwa. Katika Cratylus, maandishi yake ya mazungumzo ya karne ya 4 kabla ya Kristo yaliyopewa jina la mmoja wa wasemaji wake, Hermogenes anashikilia kwamba majina ni mapatano ya watu, na Cratylus anashikilia kwamba kila kitu kina jina lake la asili. Cratylus anafika mahali pa kumwambia mwenzake kwamba Hermogenes si jina lake, hata kama watu wote wanamwita hivyo: maana yake ni mzao wa Hermes, mungu wa faida, na huyu fedha humpiga chenga. Utani umeanza kabla hata Socrates, mwalimu wa Plato na msemaji mkuu humo, hajafungua mdomo. Akishaufungua, anakata maneno kwa makumi. Anthropos, yaani mtu, linakuwa "achunguzaye alichokiona", kwa kuwa wanyama huona tu bila kuchunguza.

Lakini sikilizeni anavyosema mwenyewe. Hekima hii, asema, imemshukia ghafla, na anahisi ameambukizwa na Euthyphro, mtu aliyejiona mjuzi wa mambo ya miungu, aliyekuwa naye tangu alfajiri. Leo tuitumie, kesho tutafute kuhani au msomi wa kututakasa nayo. Alipofika kwa Dionysus, mungu wa mvinyo, anaonya kwamba majina haya yana maelezo ya dhati na maelezo ya mzaha. Ya dhati tukawaulize wengine. Yeye atatoa ya mzaha, kwani hata miungu hupenda utani. Wanafalsafa wanabishana hadi leo orodha ile ni mzaha kwa kiasi gani. Kwa maonyo kama hayo, mimi siwezi kuisoma kama kamusi.

Onyo kubwa zaidi linakuja kwenye neno pyr, ambalo ni moto, moto uleule wa mwali wenu. Hapo Socrates anakwama. Anasema Wagiriki waliazima maneno mengi kwa wageni, na kwamba Wafrigia, jirani zao wa Asia Ndogo, nao wana neno hilo kwa tofauti ndogo. Anayelilazimisha neno la namna hiyo lijieleze kwa Kigiriki atahangaika bure. Weka mwalimu mahali pa pyr na Kiswahili mahali pa Kigiriki, uone mgeni rasmi anabaki na nini.

Kwa nini basi ukumbi ulishangilia? Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alilieleza hilo anapozungumzia ufundi wa hotuba. Mshairi anasema fulani alitembea, na miguuni alikuwa na… msikilizaji anangoja "viatu", anapewa "vidonda vya baridi". Alichotarajia kimegeuzwa mdomoni mwa msemaji, naye anacheka. Mwali ndani ya mwalimu hufurahisha kwa ufundi huohuo, na furaha hiyo ni halali kabisa. Ninachokataa ni kuipeleka darasani ikawa somo, mtoto akaiandika kwenye mtihani na kukoseshwa alama kwa kosa la mkubwa.

Kwenye risala, andika kwamba neno limetoka katika Kiarabu. Ukiutaka sana mwali, usiuandike. Utamke jukwaani, na useme ni utani kabla watu hawajapiga makofi.